Sauti imeshuka: niache kuimba, nibaki na piano?

Swali

"Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 63. Nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka 9, siku zote sauti ya kwanza. Piano nilijifunza mwenyewe ukubwani. Solfa (d, r, m) naisoma vizuri, manota ya mistari ni kwa kubahatisha. Sijawahi kulipwa kwa kuimba wala kwa kupiga, ni mapenzi tu. Miaka hii mitatu noti za juu zimenikimbia, na nikishikilia noti ndefu sauti inatikisika. Mwalimu wa kwaya amenihamishia sauti ya pili, na nakiri nililia. Nyumbani nikijaribu kuimba huku napiga piano, kimoja lazima kiharibike. Nimeanza kufikiri niache kuimba, nibaki na piano. Unanishauri nini?"

Jibu

Shikamoo, mama. Usiache kuimba.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na katika yote uliyoeleza sijaona dalili ya sauti iliyokwisha. Sauti yako imehama, nawe bado unaibishia hodi kwenye nyumba ya zamani. Hiyo piano unayotaka kubaki nayo ndiyo itakayokuonyesha ilikohamia.

Kwanza ujue kilichotokea kooni, maana mtu akishajua, hofu hupungua nusu. Ndani ya zoloto kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Kwa mwanamke mzima urefu wake ni sentimita 1 hadi 1.5 hivi. Ukiimba ile A ambayo wapigaji hulinganishia vyombo vyao, nyuzi hizo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Noti zako za juu za ujanani huenda zilipita mara 800. Hedhi inapokoma, homoni hubadilika na nyuzi huwa nzito kidogo, na kitu kizito hutikisika polepole. Ndiyo maana sauti za wanawake wengi hushuka umri unapokwenda. Kwa wanaume wengi mambo huenda kinyume: nyuzi hukonda na sauti hupanda uzeeni. Ongeza na mbavu ambazo hazitanuki tena kama zamani, pumzi inakuwa fupi. Hapo hakuna kosa ulilofanya.

(Mwaka 1854 mtu mmoja alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Jina lake Manuel García, na hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji aliyetaka kujua. Aliishi hadi miaka 101. Napenda kuwasimulia wanafunzi wangu wenye umri wako habari zake.)

Jambo moja la tahadhari kabla sijaendelea. Kama sauti inakwaruza hata ukiongea, na hali hiyo imezidi wiki 3, au unasikia maumivu ukimeza, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie. Mazoezi ninayokuandikia hapa ni ya koo zima lililobadilika. Koo gonjwa lina wenyewe.

Sasa kule kutikisika. Sauti yoyote nzuri ina mtetemo wake, mara 5 hadi 7 hivi kwa sekunde, na masikio huupokea kama utamu. Mtetemo ukipungua kasi na kuwa mpana, tunausikia kama kutikisika. Mara nyingi chanzo ni pumzi isiyokwenda sawa na misuli midogo ya kooni iliyokosa mazoezi ya utulivu. Na hapa waimbaji wa kwaya wa siku nyingi wana tatizo lao: wamezoea kuimba kwa nguvu siku ya mazoezi na siku ya kuimba, halafu siku zilizobaki kimya. Koo la miaka 20 linavumilia utaratibu huo. Koo la miaka 63 linataka kidogo kidogo kila siku.

Chukua mrija wa kunywea na glasi yenye maji. Zamisha ncha ya mrija kiasi cha upana wa vidole viwili, funga midomo vizuri kuuzunguka, kisha imba "uuu" kupitia mrija, noti moja ya katikati isiyokusumbua. Tazama mapovu. Yakitoka kwa mfululizo mmoja kama maji yanayochemka taratibu, pumzi yako inakwenda sawa. Yakikatika, umebana koo, au umetumia hewa yote mwanzoni. Ukishatulia kwenye noti moja, panda na kushuka kama king'ora, ukianzia chini. Maji yanaisukuma hewa kidogo irudi nyuma, nyuzi zinakutana kwa upole badala ya kugongana, na ndiyo maana unaweza kuifikia noti ya juu kwenye mrija ambayo ukiiimba wazi inakukataa. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Baada ya wiki mbili ongeza zoezi la noti ndefu: shika noti ya katikati kwa mapigo 8, anza kwa sauti ndogo kabisa, ikue hadi pigo la nne, ipungue tena hadi iishe. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyosikika. Likikushinda, punguza mapigo yawe 4, usiongeze nguvu.

Nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: shusha ki, yaani wimbo mzima uuanzie mahali pa chini zaidi.

Najua waimbaji wa sauti ya kwanza wanavyolisikia neno hilo. Wanalisikia kama kushushwa cheo. Mimi naomba ulisikie kama fundi cherehani anavyosikia neno "pima". Kaa kwenye piano mchana, wakati sauti imekwisha kuamka, na uimbe "a" ukipanda nusu toni moja moja, yaani toka kibonyezo kimoja hadi kilicho jirani, kiwe cheupe au cheusi. Andika noti mbili. Ya kwanza ni ile ya juu kabisa unayoweza kuigusa bila kuinua kidevu. Ya pili ni ile ya juu unayoweza kuishikilia mapigo manne kwa sauti ndogo. Watu hupanga nyimbo zao kwa noti ya kwanza, halafu wanalaumu umri. Panga zako kwa noti ya pili. Vilevile angalia wimbo unakaa wapi muda mwingi. Wimbo unaogusa noti ya juu mara moja na kushuka haukuchoshi. Ule unaozunguka noti za juu ubeti mzima utakuchosha hata kama noti yake ya juu kabisa unaiweza.

Tuseme wimbo wako umeandikwa katika ki ya D, na noti yake ya juu ni m, yaani F shapu. Wewe umepima na kukuta noti yako ya kushikilia ni D. Toka F shapu hadi D ni nusu toni 4. Basi wimbo mzima unashuka nusu toni 4, do inatoka D inakwenda B flati. Na hapo, mama, ndipo nilipotabasamu niliposoma barua yako, kwa sababu umesema solfa unaisoma vizuri na manota ya mistari unayabahatisha. Kwa kazi hii wewe umetangulia. Sarah Glover na baada yake John Curwen waliieneza solfa Uingereza karne ya 19 ili watu wa kawaida wasome muziki bila kuvuka bahari ya alama, na moyo wa mfumo huo ni kwamba do inahamishika. Mwenye kusoma mistari pekee akihamisha wimbo anaona ukurasa mpya wenye flati mbili. Wewe unaona d ile ile, m ile ile, s ile ile. Kilichohama ni mahali pa kuweka kidole.

Mikononi anza na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu, ya d, ya f na ya s. Katika ki ya D hizo ni D, G na A. Katika B flati ni B flati, E flati na F. Zipige polepole kwa siku kadhaa bila kuimba, mpaka mkono uende wenyewe. Kama kinanda chako ni cha umeme na kina kitufe cha kuhamisha ki, kitumie siku ya kuimba mbele ya watu ukitaka. Siku za mazoezi nakuomba usikiguse. Kitufe kinakupa ki mpya lakini sikio lako halijifunzi chochote, na siku utakayokutana na piano ya kawaida utakuwa mgeni.

Mtu akikuambia kushusha ki ni udhaifu, mkumbushe mwimbaji Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau. Mwaka 1827 mtunzi Franz Schubert aliandika Winterreise, nyimbo 24 za sauti na piano, katika ki zinazomfaa teno, sauti ya juu ya wanaume. Fischer-Dieskau alikuwa baritoni, sauti iliyo chini ya teno. Alizirekodi mara nyingi katika maisha yake, zimeshushwa zimfae, na hadi leo watu wanaziendea rekodi hizo kujifunza. Wachapishaji wa nyimbo za aina hiyo wamezoea kutoa kitabu kimoja kwa sauti ya juu, kingine kwa sauti ya chini.

Tena wewe una uhuru ambao mwimbaji wa kulipwa hana. Umeniandikia "sijawahi kulipwa" kama mtu anayeomba radhi. Kiswahili kinamwita mtu kama wewe mwanamuziki wa ridhaa, na ridhaa ni hiari yenye moyo mkunjufu. Mwimbaji wa opera hawezi kuwaambia wapigaji 60 washuke nusu toni 4 kwa sababu leo ameamka na koo zito. Wewe unaweza, alasiri moja, peke yako, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa kuimba huku unapiga. Umesema kimoja lazima kiharibike, na nimeona wanafunzi wengi mno katika hali hiyo hiyo kiasi kwamba naweza kukisia kinachotokea bila kukuona. Unafika mahali ambapo kodi inabadilika na kidole cha tatu kinatafuta kibonyezo cheusi. Macho yanashuka mkononi. Kidevu kinakwenda mbele, bega la kulia linapanda karibu na sikio. Na papo hapo, bila kujua, unazuia pumzi. Kodi inapatikana, lakini mstari unaofuata wa wimbo unaanza na nusu ya hewa. Sauti inatikisika, unashtuka, mkono nao unakosea. Unasema akili haiwezi kufanya mambo mawili. Mimi ningeanza kutazama pumzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkono wa kulia uweke pajani. Mkono wa kushoto upige noti moja tu, ile ya chini ya kodi, kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, nawe uimbe wimbo wote. Hapo utaona ni mahali gani pumzi inakwama, maana mkono hauna kazi kubwa ya kukuzuga. Ukimaliza bila kukwama siku tatu mfululizo, mkono wa kulia uingie na kodi nzima, pigo la kwanza tu, bila mapambo. Mapambo yaje mwisho, na yaje machache.

Na mkono wa kulia usiupigie melodia. Hili ndilo kosa kubwa la wanaojisindikiza, na najua linatoka wapi: wengi tulianza piano kwa kutafuta wimbo kwa kidole kimoja, na kidole hakijasahau. Ukipiga melodia huku unaiimba, sauti inageuka mfuasi wa vidole. Piano ni nyundo inayogonga waya. Noti ikishagongwa inaanza kufifia pale pale, na hakuna ufundi wa kidole utakaoikuza tena. Sauti ya mtu ina uwezo ambao piano haina kabisa, wa kuanza ndogo na kukua ndani ya noti hiyo hiyo. Ukizifungia pamoja unaipokonya sauti kipaji chake. Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano za kwanza mjini Florence, karibu na mwaka 1700, sifa aliyojivunia ni kwamba chombo kinaweza kupigwa kwa upole au kwa nguvu, na jina piano limetoka huko huko, neno la Kiitaliano la kupiga kwa upole. Iache piano ifanye kazi yake ya upole chini ya sauti yako.

Halafu mfundishe mkono kupumua. Wimbo una mahali pa kuvuta pumzi, na hapo mpigaji anayejisindikiza huendelea kubonyeza kana kwamba anasindikiza mtu asiyekuwepo. Kabla ya kila pumzi, inua mguu kwenye pedali na uinue viganja kidogo, kama mtu anayeinua kitambaa mezani. Pengo dogo litasikika. Usiliogope. Msikilizaji atalisikia kama sentensi iliyofika kwenye koma, nawe utakuwa umepata hewa kwa wakati. Weka alama kwa penseli kila mahali pa pumzi, juu ya maneno na juu ya kodi pia.

Msikilize Nina Simone kwa sikio hilo. Alisomea piano ya klasiki, na mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano kwenye baa moja mjini Atlantic City, Marekani, mwenye baa akamwambia kama haimbi hana kazi. Kwa hiyo aliingia kwenye kuimba kutoka upande wa piano. Sikiliza mikono yake inavyonyamaza anapotamka neno zito, na inavyorudi akishamaliza.

Kiti nacho kitazame, nitalipitia haraka. Viwiko viwe sawa na vibonyezo au juu yake kidogo, ukae nusu ya mbele ya kiti, mguu wa kushoto ukanyage chini imara. Kitabu kiwe usawa wa macho. Kikiwa chini, shingo inainama na koo linakunjwa.

Umelia kwa kuhamishiwa sauti ya pili, na sitakuambia usilie. Miaka 54 umekuwa ukiubeba wimbo wenyewe, ule ambao watu wanatoka nao mdomoni. Mimi nilihamishwa kutoka teno nikiwa kijana, baada ya miezi ya kulazimisha noti zisizokuwa zangu mpaka nikapoteza sauti kwa wiki kadhaa, na siku ya kwanza kwenye mstari mpya nilijiona kama mgeni aliyekaa kiti cha nyuma. Kilichonibadilisha ni sikio. Sauti ya kwanza inaweza kuimba vizuri bila kumsikiliza mtu, kwa kuwa wimbo unaijua njia. Sauti ya pili haiwezi. Mara nyingi inakaa noti ile ile vipimo viwili vitatu huku kodi zinabadilika chini yake, na noti hiyo moja inakuwa s ya kodi hii, kisha d ya kodi inayofuata, na kila mara inataka kukaliwa kwa namna yake. Mara nyingi pia ndiyo inayoshika noti ya tatu ya kodi, ile inayoamua kama kodi itasikika ya furaha au ya huzuni. Iteremshe nusu toni na wimbo wote unaingiwa na giza. Jaribu kwenye piano yako leo: piga B flati, D na F pamoja, kisha ile D ifanye D flati. Noti mbili hazikuguswa, lakini chumba kimebadilika.

Mpiga piano ana masikio ya kazi hii kuliko mwimbaji ambaye hajawahi kugusa kodi. Nyumbani piga sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia huku ukiimba ya pili. Ikishakaa, geuza: piga ya pili, imba ya kwanza, ishushe ki kama nilivyokueleza. Kwa hiyo ile sauti ya kwanza hujaipoteza. Unayo nyumbani, katika ki yako.

Hukuuliza kuhusu vidole, ila katika umri wako vitakuja kuuliza vyenyewe. Asubuhi viloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kupiga, na kidole kikiuma acha siku hiyo. Kodi pana usiing'ang'anie, toa noti iliyorudiwa na hakuna atakayeikosa. Arthur Rubinstein alipiga piano jukwaani mpaka karibu miaka 90. Aliwahi kueleza alivyomudu: alipunguza idadi ya vipande, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo kidogo ili kasi inayofuata isikike kubwa kuliko ilivyo. Ufundi huo unafaa hata kwa wimbo wa kodi tatu.

Kwa mwezi huu chagua wimbo mmoja tu, ule unaoupenda mpaka unauimba jikoni bila kujua. Mrija asubuhi, kodi tatu mchana, noti moja ya kushoto na sauti jioni. Kisha uniandikie tena, mama. Nataka sana kujua do yako imeangukia wapi.